Askari na Tabibu Katika Mlango Mmoja

(Mhadhara uliotolewa Kwaluguru, mkoa wa Tanga, mbele ya viongozi wa kata, wazee, walimu, watumishi wa afya na askari. Umepigwa chapa kwa ombi la waliousikia.)



Nashukuru kwamba mmekubali kuketi mkazungumzia jambo ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona, nyuma ya nyumba, wageni wakiisha kuondoka. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba mtu aliyeshikwa na maradhi ya akili, hata yakamfanya kuwa hatari kwa nafsi yake au kwa jirani yake, ni mgonjwa kabla ya kuwa jambo jingine lolote. Na kwamba askari na tabibu, ambao leo kila mmoja humpokea mtu huyo kwa zamu yake na kwa desturi yake, hawana budi kumwendea pamoja, tena wakawa na mahali pamoja pa kumpeleka. Naomba sehemu hii ya mwisho isisahauliwe, maana wengi waliolizungumza jambo hili wamesifu safari ya kumwendea mgonjwa wakanyamaza juu ya mwisho wake. Ninazo hoja tano, nami sitazipa urefu sawa.

HOJA YA KWANZA: kwa nini huitwa askari

Chukueni mfano wa kijana wa miaka kama ishirini katika kitongoji chochote cha huku kwetu. Siku nne hajalala. Ameuza baiskeli yake kwa bei ya kutupa, na fedha yake ameigawa njiani kwa watu asiowajua. Usiku wa tano anasikia watu darini wakishauriana juu yake. Anashika panga, anavunja vyungu vya mama yake kimoja baada ya kingine, na kila anayemsogelea anamwona miongoni mwa wale wa darini. Mama anakimbilia kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti anampigia simu mtendaji, mtendaji anawatuma mgambo wawili wenye fimbo na kamba, na mgambo wakishindwa ndipo polisi huitwa, nao huja kama gari lipo na kama gari lina mafuta. Hesabuni watu wote waliotajwa katika safu hiyo. Hamtamwona hata mmoja aliyesomea maradhi. Ilhali tabibu wa zahanati analala nyumba ya jirani, wala hakuna aliyekwenda kubisha hodi kwake.

Hayo hayatoki katika ukatili wa watu wetu. Polisi ana gari siku nyingine, ana nguvu, ana mamlaka, na nambari yake ya 112 inajulikana hata na mtoto wa shule; na zahanati, katika mawazo yetu, ni mahali pa homa, chanjo na mizani ya watoto. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku wa manane hatumwiti mgambo, ijapokuwa analia na kupiga watu mateke; tunamtafuta mkunga au muuguzi, kwa kuwa tumekwisha kuamini mioyoni mwetu kwamba kilio kile ni cha mwili unaohitaji ujuzi. Kwa maradhi ya akili imani hiyo bado hatujaipata. Kwa hiyo mgonjwa hufika mikononi mwa dola kabla ya kufika mikononi mwa tiba, na siku inayofuata mtaani huitwa "yule aliyekamatwa", jina ambalo dawa haiwezi kumvua.

HOJA YA PILI: lile ambalo jicho la askari haliwezi kulijua

Hapa nitakaa kidogo. Mtu anayepiga kelele, anayesema maneno yasiyoungana na kurusha mawe, kwa jicho la askari ni kichaa au ni mlevi; na mimi simlaumu, kwa kuwa hata jicho la mama mzazi haliendi mbali kuliko hapo. Lakini nyuma ya kelele hizo huenda pakawa na malaria iliyopanda kichwani, ambayo huua kwa muda mfupi isipotibiwa. Huenda mtu huyo ana kisukari, amejidunga insulini asile, na sukari ya damu yake imeshuka. Huyo hutukana na kupigana kama mlevi, naye hurejea katika murua wake kwa dakika chache akipewa sukari, ila akiachwa sakafuni hadi asubuhi pengine asiamke tena. Huenda ni mwenye kifafa aliyetoka katika tukio la kuanguka, ambaye akili haijamrudia na hupigana na yeyote amshikaye bila kujua lolote. Huenda ni mnywaji wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla, akaanza siku ya pili au ya tatu kutetemeka, kutokwa jasho na kuona nyoka ukutani. Naye, ingawa watu humcheka, yu katika hatari ya kufa. Huenda ni mzazi mwenye mtoto mchanga wa siku chache. Na huenda, bila shaka, ni maradhi ya akili yenyewe, au bangi, au yote mawili pamoja.

Ni nani atakayepambanua haya usiku, kwa mwanga wa kurunzi? Tabibu mwenye kipimo cha malaria, kipimo cha sukari na kipimajoto. Vitu vitatu hivyo huingia katika mfuko wa koti, navyo havimo katika orodha ya zana za kituo chochote cha polisi nikijuacho.

Fauka ya hayo, kuna namna ya kushika. Sisi ni watu wa nchi ya mkonge, na kamba iliyo karibu na mkono wa kila mtu ni kamba ya katani. Kamba hiyo ikikazwa katika vifundo vya mikono ya mtu anayejitupa huku na huku, hukata ngozi kwanza, kisha hubana mishipa ya fahamu ipitayo hapo. Na mkulima aliyetibiwa akapona akili yake anaweza kurudi kwao na mkono uliolegea, asiweze kushika jembe vyema kwa miezi. Pingu iliyobana hufanya vivyo hivyo. Na hatari kubwa kupita hizo ni kumlaza mtu kifudifudi, mikono nyuma, na mtu mwingine kupiga goti mgongoni mwake: kifua hakipati nafasi ya kupanuka, pumzi hupungua, naye kwa kutafuta pumzi hujitikisa zaidi, na walio juu yake, kwa kudhani anazidi ukorofi, humkandamiza zaidi. Watu wamekufa hivyo duniani, bila risasi wala rungu. Anayelazimika kushikwa ageuzwe ubavu mara tu anapotulia, na awepo mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuutazama uso wake na kusikiliza pumzi yake.

Namwona sajini mmoja pale mbele anatabasamu, na nadhani nalijua swali lake: na panga je? Panga ni kazi yako, sajini, wala simwambii muuguzi atangulie. Lakini kazi hiyo ina adabu zake. Watazamaji waondolewe, maana umati ni mchochezi. Aseme mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, kwa jina la mgonjwa, wengine wote wakinyamaza. Mlango usizibwe, kwa kuwa mwenye hofu aliyezibiwa njia hana la kufanya ila kupita juu yako. Maono yake yasibishwe wala yasikubaliwe; inatosha kumwambia, "Naona umeogopa; mimi nimekuja usidhurike." Apewe maji. Na kama hakuna mtu aliye karibu na makali yake, basi muda utumike, hata saa nzima, maana mara nyingi aliyepewa nafasi huchoka mwenyewe akaketi. Askari mwenye tabibu pembeni yake ana sababu ya kungoja. Askari aliye peke yake, na gari la kurudisha, ana sababu ya kuharakisha.

HOJA YA TATU: waliotutangulia, na walipojikwaa

Mwaka 1987, katika mji wa Memphis huko Marekani, polisi walimpiga risasi wakamuua kijana mgonjwa wa akili aliyekuwa na kisu. Mji ulighadhibika, na mwaka uliofuata polisi, vyuo vikuu vya pale na jamaa za wagonjwa walifunga mapatano: askari waliojitolea kwa hiari yao wafundishwe kwa saa 40 na matabibu, na wagonjwa na jamaa zao, namna ya kuziendea nyakati hizi. Mpango huo umeigwa katika miji mingi sana. Wengi walioiga walichukua yale mafunzo wakaacha nguzo yake ya pili, ambayo kwa rai yangu ndiyo iliyoubeba mpango wote: palikuwa na hospitali moja iliyokubali kumpokea kila mgonjwa aletwaye na askari, saa yoyote, bila kumrudisha, na askari akaachiliwa upesi arejee kazini. Askari hakuwa na haja ya kuchagua mahabusu, kwa sababu mlango mwingine ulikuwa wazi.

Sasa tazameni upande wa pili. Tarehe 27 Septemba 2016, katika mji wa El Cajon, California, dada mmoja aliita msaada kwa kuwa kaka yake, Alfred Olango, mkimbizi mzaliwa wa Uganda, mtoto wa Afrika Mashariki hii yetu, alikuwa hayupo katika hali yake. Katika wilaya ile ulikuwapo mpango wa matabibu wa akili kufuatana na polisi. Lakini saa ile waliokuwa zamu walikuwa wameitwa kwingine. Wakaja askari wenyewe, na muda mfupi baada ya kufika kwao Olango alipigwa risasi akafa. Kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa kifaa cha kuvutia mvuke. Nataja habari hii kwa huzuni, wala si kwa kuwasuta Wamarekani, kwa kuwa inatuonyesha udhaifu wa shirika lililopo kwa jina likakosekana kwa saa. Huko Eugene, jimbo la Oregon, tangu mwaka 1989 walikuwa na gari lenye mtu wa tiba na mtu wa maliwazo, wasio na silaha, wakaitikia wito ambao kwingine ungekwenda kwa polisi. Sifa zao zilivuka bahari, na hata hivyo mwaka 2025 huduma hiyo ilikoma mjini humo kwa uhaba wa fedha.

Mtaniambia: hayo ni mambo ya matajiri. Basi twendeni Liberia, nchi iliyotoka vitani ikiwa maskini kuliko sisi. Huko wauguzi na watumishi wa afya waliofundishwa kutibu maradhi ya akili waliketi na polisi, kwa msaada wa Carter Center, wakaugeuza mpango wa Memphis ulingane na nchi isiyo na magari wala hospitali nyingi. Hawakungoja bingwa kwa kila wilaya. Walimtumia muuguzi aliyekuwapo.

HOJA YA NNE: tulivyo navyo

Hapa Mwenyezi Mungu ametupa neema ambayo mikoa mingi haina. Juu ya milima ya Usambara, katika wilaya ya Korogwe, ipo Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walijenga pale makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa. Na mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakageuka kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa katika Afrika Mashariki. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ilikuja baadaye, katika miaka ya 1920. Lutindi, ambayo leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, imewapokea Waislamu na Wakristo na wasio na dini, ikawapa dawa, na pamoja na dawa ikawapa kazi: mashamba, chai, ufundi wa mikono. Yafaa tujiulize kwa insafu: inakuwaje watu walio karibu hivi na nyumba ya namna ile waendelee kufunga jamaa zao kwa katani?

Jibu mojawapo ni umbali wa kati. Lutindi ni nzuri kwa aliyefika. Lakini kijana wetu wa usiku wa tano hawezi kupandishwa milimani usiku ule juu ya bodaboda, amefungwa kati ya dereva na mjomba wake. Anahitaji kitanda cha karibu kwa usiku mmoja au miwili, na sindano ya kumtuliza iliyopimwa na mwenye ujuzi. Zahanati ikikosa dawa na ikakosa chumba, askari aliyemleta humpakia tena na kurudi naye kituoni, kwa sababu katika kata nzima mahabusu ndicho kitanda pekee kisichofungwa usiku. Hapo ndipo shirika zima huvunjika, hata kama askari amefundishwa saa mia.

Wala ushirikiano wenyewe si mgeni kwetu. Dawati la Jinsia na Watoto limewazoeza polisi kufanya kazi na ustawi wa jamii na hospitali katika meza moja. Fomu ya PF3 humtoa majeruhi kituoni ikamfikisha kwa daktari, na kila askari anaijua. Tuna polisi wa kata, ambaye wajibu wake ni kukaa na watu kabla ya tukio. Na tangu mwanzo wa miaka ya 1980, Morogoro na Kilimanjaro zilitumika kuonyesha kwamba tiba ya akili inaweza kushuka hadi zahanati ikaendeshwa na watumishi wa kawaida waliofundishwa. Kiungo cha kuviunganisha hivi ndicho kinachokosekana.

HOJA YA TANO: sheria

Nitapita upesi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua mahali pa sheria ya zama za ukoloni, imempa polisi nafasi katika kumfikisha mgonjwa kwenye tiba; na mtu aliyetenda kosa akiwa hana akili timamu, mahakama inaweza kumpeleka katika taasisi ya wagonjwa wa akili ya Isanga, Dodoma, badala ya gerezani. Liko neno moja linalotukwaza. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Matokeo yake twayajua: mtoto akinywa dawa ya kuulia wadudu, jamaa humwambia tabibu kwamba alidhani ni soda, na tabibu hutibu tumbo huku moyo ukiachwa kama ulivyokuwa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba. Wabunge wetu wanayo nafasi ya kuufuata mfano huo. Kwa sasa, mwenye kuitwa kwanza katika jambo hilo na awe tabibu.

Kabla ya kumaliza, naomba radhi kwa wazee, maana najua kuna waliokuja na mapingamizi mawili. La kwanza: waganga wetu wa jadi je? Siwafukuzi. Ndugu wengi huanza kwao, na watazidi kuanza kwao. Ninachoomba ni kwamba mganga asimfunge mtu mnyororo, asimnyime chakula wala dawa za hospitali, na akiona homa ampeleke kupimwa siku ile ile. La pili limenenwa na kijana mmoja hapo nje: kwamba tukiwakaribisha polisi zaidi katika maradhi, tutawafanya wagonjwa wote kuwa watuhumiwa. Pingamizi hili lina nguvu kuliko la kwanza, na kwa ajili yake nasema kwamba katika shirika hili tabibu awe ndiye mwenye kauli. Askari alinde usalama wa wote, kisha aondoke, na jina la mgonjwa lisiandikwe katika kitabu cha mashtaka pasipo na kosa. Nanyi askari, ninyi pia mna akili zinazochoka. Mnaona maiti za barabara ya Chalinze na Segera, mnaona watoto waliodhulumiwa, kisha mnaambiwa mkaze moyo. Muuguzi huyu huyu mnayemwita kwa ajili ya wengine ni haki yenu pia.

Sasa niseme ninayotumaini kuyaona. Kabla ya masika yajayo, kata hii iwe na ukurasa mmoja, ubandikwe kwa mtendaji, kituoni na zahanati, wenye nambari za simu za tabibu wa zamu, polisi wa kata, dereva aliyekubali kutoa gari, na mtu wa kuulizwa Lutindi. Halmashauri iombwe rasmi itenge katika bajeti dawa za kutuliza na vipimo vya sukari, na kituo kimoja cha afya chenye chumba kisichokataa mgonjwa aletwaye na askari, usiku wala mchana. Askari na wauguzi wafunzwe pamoja, katika darasa moja, wajuane kwa majina kabla ya kuitana gizani. Na wagonjwa waliopona wawe miongoni mwa walimu wao. Wahudumu wa afya wa vijiji wamtembelee aliyetoka hospitalini, waone kama dawa zake zimekwisha, maana wengi hurudi katika hali ile ile kwa sababu ya nauli ya kufuata dawa. Na baada ya mwaka mmoja tukutane tena, tuhesabu ni wangapi walipita mahabusu na ni wangapi walipita zahanati.

Bwana Mwenyekiti amenikubalia tubaki kwa maswali. Karatasi ya wanaokubali kuwamo katika kamati ya matayarisho iko mezani kwa mwalimu mkuu. Imegawanywa sehemu tatu, ya watumishi wa afya, ya polisi na mgambo, na ya jamaa za wagonjwa, na hii ya tatu ningependa ijae kwanza. Sajini, naona mkono wako umekuwa juu tangu habari za panga, karibu uanze.